Ndoano Iliyokatika Ndani ya Mtungi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa. Nilisomea uhandisi wa vyuma chuo kikuu, leo nauza mabati Msamala. Mke pia nilikuwa naye...

Mke wangu, mama Neema, alirithi kwa marehemu mama yake ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa hashiki mimba. Kaka zake wakaamua: akikosa tena, anakwenda buchani.

Ndipo akaja Festo, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alitoka Madaba kwa pikipiki, mtungi wa nitrojeni nyuma, mbegu za dume zimegandishwa humo kwa baridi isiyosemeka.

Chai ya Festo ilitiwa tangawizi. Yangu je? Nikapekua simu ya mke wangu. Nikamuuliza kwa nini anapandishwa ng'ombe, halafu kitenge kipya anavaa yeye. Ndiyo, nilisema hivyo!

Siku moja Festo akapoteza ndoano ya kuinulia kikombe cha mbegu mtungini. Akachongewa nyingine kwa springi ya lori.

"Shikamoo kaka. Hii haivunjiki!" Akaigonga kwenye jiwe.

"Hapa uani, sawa," nikamwambia. "Kwenye baridi hiyo itakatika kama kioo. Tafuta chuma kisichoshika kutu, chenye nikeli ya kutosha. Hicho huvumilia."

Mke wangu akashika kiuno. "Baba Neema, sasa unaonea wivu hadi ndoano?"

Wakacheka wote wawili.

Ng'ombe akaingia kwenye joto, siku zake za kupandishwa. Festo akazamisha ndoano, ikapoa, kikombe kikakwama shingoni mwa mtungi. Akavuta kwa nguvu... ta! Ikakatika. Kikombe kikazama na mbegu zote. Mpaka apate vifaa vingine, joto lilishapita.

Mke wangu akalia kama aliyefiwa. Na mimi? Nilicheka! "Nilisema!" nikapiga kelele. "Nilisema mimi!"

Akafuta machozi. "Ulisema kweli," akajibu. "Lakini umefurahi."

Ng'ombe alikwenda buchani. Mama Neema alikwenda kwa dada yake kule Mfaranyaki, hajarudi.

Juzi Festo alipita dukani kununua bati. Ana ndoano mpya, ya chuma kile kile nilichomtajia. Anasema ni imara sana. Bado namwonea wivu!

Ndugu zangu, nawasihi... nilimshuku mke wangu kila siku, hata siku niliyosema kweli hakunisikia. Na mkiwa na haki, kabla hamjacheka, tazameni kwanza nani analia.