Alama ya Nancy

Wapima ardhi hupaka alama za chokaa chini kabla ya kurusha droni, ili ramani ikae sawa. Wengi huziandika namba. Hilaria, mpima aliyehamishiwa Bariadi akiwa na mtoto mmoja tu duniani, moja aliiandika NANCY, jina la mwanawe, nyuma ya ghala la zamani la pamba palipofukiwa dawa ya wadudu iliyoharibika. Alikuwa akiwaonyesha wachimbaji watakaoifukua sumu imelala wapi. Siku hiyo picha ya joto ya droni ilipotoka, alama zote zilikuwa baridi isipokuwa ile ya mwanawe.

Jioni alimkuta Nancy anachemka kwa homa. Chumba kizima kilinuka dawa ile ya wadudu, ingawa mtoto hakuwahi kukanyaga ghalani. Hilaria aliogopa, lakini kazi ni kazi. Asubuhi alimwacha kwa jirani yake, Justina.

Masunga, mwenzake kazini, alirusha droni tena. Safari hii joto lilikuwa na umbo la mtu aliyelala kifudifudi, mkono juu ya jina. Masunga akailaumu kamera. Ndipo chini ya udongo ikatoka sauti kavu, ikimwita Nancy polepole, kama mama anayemwita mwanawe aje kula, ikaita na kuita, na kule nyumbani, Justina alipiga simu kusema, mtoto alikuwa amefumba macho akiitika "abee", kila abee ikififia kuliko iliyotangulia.

Milembe, mganga wa pale, alikuja bila kuitwa na hakusalimia. Kwa Wasukuma hilo peke yake ni tusi.

"Jini hili halikuwa na wa kumwita," alisema. "Umelipatia mtu wewe, mayu, mama wa watu."

Hilaria aliomba afute chokaa. Milembe akamwambia afute tu, kisha akamzike mwanawe. Jini lilitaka jina jingine badala yake, la mtu aliyekubali mwenyewe.

Hilaria alimtazama Masunga. Masunga akarudi nyuma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hilaria alifuta, akaandika jina lake mwenyewe.

Justina akapiga tena: homa imeshuka, Nancy anaomba uji. Hilaria alilia kwa furaha. Halafu udongo ukamwita kwa jina.

"Usiitike, dada," Masunga alinong'ona. "Nakuomba."

Hilaria alikaza meno. Udongo ukaanza kulia kwa sauti ya Nancy, ukisema mama, mama, kuna giza huku.

Hilaria akaitika.