Binti Yangu Alinisikia Nikikabwa, Akaendelea Kucheza

Futi yangu mwenyewe ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwangu, na aliyeikaza alikuwa fundi anayenitengenezea cherehani!

Mtu niliyemwamini, jamani. Miaka yote anazifungua mashine zangu, anazitia mafuta, anakunywa chai yangu. Siku hiyo akataka kuondoka na cherehani mpya ya umeme, eti akaikague kwake. Nikamkatalia... akaufunga mlango.

"Nakufa! Mwanangu, nakufa!"

Upande wa pili wa ukuta wa mbao wa kibanda changu cha ushonaji ni chumba cha gemu cha jirani, vijana wanalipia kucheza. Binti yangu wa miaka kumi na saba alikuwa humo, ameegemeza mgongo kwenye ukuta huohuo. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Piga kichwa! Huyo, huyo anakimbia!"

Wenzake wakacheka.

Wasomaji wangu, sijui niwaelezeje. Mimi natolewa roho, na mtoto niliyemzaa anashangilia watu wakipigwa risasi kwenye kioo.

Nikapiga kelele tena. Hakuna aliyekuja. Sauti ikaanza kukatika...

Nikayumba, nikaangukia kiti cha cherehani, mguu ukakanyaga pedali. Mashine ikaanza kukimbia tupu, bila kitambaa. Ile meza imebanwa ukutani, kwa hiyo mashine ikikimbia ukuta wote unatetemeka. Sisi washonaji tunashona kidogo, tunasimama, tunageuza nguo, tunaendelea. Hakuna nguo yenye mshono usioisha. Nikaukandamiza mguu, sikuuinua.

Upande wa pili kukawa kimya.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Binti yangu hakuuliza kitu. Aliinyakua pasi mezani, akamshushia yule bwana nayo kichwani. Mara moja tu. Futi ikalegea, akadondoka chini, damu ikamtiririkia sikioni.

Nikakohoa, nikavuta pumzi. Na neno la kwanza kunitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa hili:

"Mpige tena."

"Mama, ameshaanguka."

"Mpige! Muue huyo!"

Mimi huyo. Mimi ambaye sijawahi kugusa gemu maishani, ninayefumba macho kuku akichinjwa.

Yule fundi akainua mkono kujikinga. Binti akautazama ule mkono... akairudisha pasi mezani. Akavuta satini ya mteja, akaikandamiza kwenye jeraha.

"Mama, hii siyo gemu. Ita watu."

Watu wakaja, fundi akachukuliwa akiwa hai. Yuko ndani mpaka leo.

Binti akatoka nje, akatapika. Nikamfuata, nikamshika mgongoni.

"Kule wakianguka wanatoweka," akasema. "Huyu alikuwa ananiangalia."

Ningeweza kuishia hapa mkanipa pole yenu, tukaagana vizuri. Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni kama mwiba. Kesho yake, tukiwa tunasugua damu sakafuni, nikamuuliza.

"Ulinisikia nikilia?"

Akaendelea kusugua.

"Nilikusikia."

"Ukadhani ni gemu."

"Hapana. Nilijua ni wewe."

Jamani! Nikakaa palepale kwenye maji.

"Ulijua ni mimi... ukaendelea kucheza?"

"Mama, wewe si unanipigia kelele kutwa? Mara nakufa na wewe, mara utaniua wewe mtoto, mara nitakuua. Nikajua unaniita nije kufagia vipande vya nguo."

Hapo akaanza kulia, brashi bado iko mkononi.

"Ila mashine yako haijawahi kupiga kelele bure."

Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kwenda kumwambia mwenye chumba cha gemu. Kwamba ameniharibia mtoto, kwamba akifunge. Yote yakaniishia mdomoni.

Na msinielewe vibaya, sisemi gemu haina shida. Kule ndani walibaki vijana wengine, nao walinisikia, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mmoja alikuja baadaye kunipa pole, akaniambia bila hata kuona aibu kwamba pale kila dakika mtu analia kwenye gemu, masikio yameshazoea. Mtoto mpole tu, anayenisalimia kila asubuhi. Hilo linanitisha kuliko fundi na futi yake.

Lakini mzazi mwenzangu, kabla hujauchomoa waya wa gemu ukutani, jiulize swali moja. Siku ukiita kwa shida ya kweli, mwanao ataijuaje?