Sumu Aliyowekewa Fisi

Katika nyumba hii, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alitoka na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, akahesabu mbuzi. Aliwahesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mbuzi walikuwa kumi na mmoja. Wote walikuwa wake.

Nyuma yake alikuja mjukuu wake wa miaka saba, akiongea. Mtoto huyu alianza kuongea akiamka, akanyamaza akilala. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku, na wazazi wake wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku.

"Mke mwenzangu, leo umeniachia chai?" aliuliza Chiriku.

"Nimekuachia kikombe," alijibu bibi. "Kakioshe."

Zizi lilikuwa la fito na matawi makavu. Upande wa nyuma, mchwa walikuwa wamekula fito tatu. Palikuwa na pengo la kupita mbwa. Mama Chiriku alimwambia mume wake mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Baba Chiriku, lile pengo. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta. Nimesikia, mke wangu. Nitaziba kesho."

Kesho hiyo ilichukua mwezi mzima. Sisi wanaume tuna kesho ndefu sana.

Asubuhi moja bibi alihesabu, akafika nane. Akarudia kuhesabu. Nane.

"Mwanangu!" aliita. "Njoo uone."

Kwenye pengo kulikuwa na damu na manyoya. Chini kulikuwa na nyayo za fisi. Mbuzi wawili hawakuonekana kabisa. Wa tatu walimkuta ng'ambo ya shamba la mahindi, tumbo wazi. Alikuwa na mimba, karibu kuzaa.

Baba Chiriku alirudi zizini. Mama yake alimlea peke yake, kwa maziwa ya mbuzi na jasho lake. Hakuwa na mzazi mwingine. Kumwona akipapasa mbuzi waliobaki kulimchoma moyo.

"Ziba pengo, mwanangu," alisema bibi. "Fisi atarudi. Njia ameshaijua."

"Hatarudi, mama. Nitamkomesha."

Aliziba pengo kwa matawi mawili tu ya miiba. Kisha akaenda kwa rafiki yake, mkulima wa nyanya. Rafiki huyo alimpa dawa ya kuua wadudu. Aliimimina kwenye chupa ya soda.

"Hii ni kali," alisema mkulima. "Usiiguse kwa mkono."

"Inaitwaje?"

"Jina lilikuwa kwenye chombo chake. Chombo nilishakitupa."

Jioni, jua likiwa bado juu, Baba Chiriku alirudi kwenye mzoga wa yule mbuzi. Akaumwagia dawa yote. Hakumwambia mtu, hata mke wake. Mtu mwenye hasira hapendi kuulizwa maswali.

Kulipopambazuka alikwenda kutazama. Hakukuwa na fisi. Kulikuwa na tai wanne, wamekufa. Kulikuwa na mbwa mkubwa mweusi wa jirani yao, fundi wa pikipiki, naye amekufa. Alirudi nyumbani mbio. Karibu na jiko alimkuta mbwa wake mwenyewe amekufa, povu mdomoni. Alikuwa amekokota utumbo wa mzoga mpaka uani.

Baba Chiriku alichimba shimo nyuma ya shamba, akawafukia wote haraka, kabla watu hawajatoka nje. Kipande kimoja cha utumbo kilibaki chini ya kuni. Yeye hakukiona. Kuku walikiona.

Akachukua jembe, akaenda shambani kana kwamba hakuna lililotokea. Njiani alimpita fundi wa pikipiki, aliyekuwa akimwita mbwa wake kwa mluzi.

"Jirani, hujamwona mbwa wangu?"

"Sijamwona," alijibu Baba Chiriku.

Chiriku alikwenda shule. Saa nne hivi, Mama Chiriku alimwona kuku mmoja mwekundu akipepesuka. Mbawa zilikuwa zimeshuka na mate yanamtoka.

"Mama, huyu kuku hafiki mchana," alimwambia bibi.

"Basi mwahi, mkwe wangu. Akifa mwenyewe hatuli tena. Itakuwa hasara juu ya hasara."

Nyumba nyingi hufanya hivi. Kuku akilegea, anawahiwa kisu. Watu huamini kwamba kisu kikitangulia kifo, nyama ni salama. Mama Chiriku alichinja, akanyonyoa, akapika. Kwa sababu bibi hakuwa na meno, alimpa supu kwanza, na maini. Yeye mwenyewe alionja chumvi tu.

"Supu yako inafufua wafu," alisema bibi. Akaomba aongezewe.

Baba Chiriku alirudi adhuhuri. Alimkuta mama yake ameinama, jasho linamtoka na mate yanadondoka. Alikuwa ametapika. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Amekula nini?" aliuliza.

"Yule kuku mwekundu," alisema Mama Chiriku. "Alikuwa amelegea, nikamwahi."

Baba Chiriku alielewa palepale. Alitazama kuni, akatazama chungu. Akamwaga chakula chote kwenye shimo la taka. Lakini kinywa chake hakikufunguka.

Fundi wa pikipiki alisikia kelele, akaja mbio. "Mpeni maziwa!" alisema. Wakampa bibi maziwa. Yalirudi kwa nguvu, mengine yakampalia, akakohoa mpaka akashindwa kupumua vizuri. Fundi akawasha pikipiki yake. Wakampakia bibi katikati, Mama Chiriku akamshika kwa nyuma, wakaenda zahanati. Baba Chiriku alifuata kwa baiskeli.

Alipofika, nesi alikuwa anamfunua bibi kope. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Wewe ndiye mwanawe?" nesi aliuliza. "Nyumbani kuna sumu yoyote? Ya panya, ya kupe, ya mboga?"

Fundi wa pikipiki alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapana," alisema Baba Chiriku.

"Fikiri vizuri, kaka. Macho yake yananiambia kitu, lakini dawa ninayoifikiria ni kali. Siwezi kumdunga mzee kwa kubahatisha. Kuna sumu?"

Baba Chiriku alimfikiria mbwa mweusi shimoni. Alifikiria polisi. Alimfikiria mke wake akimtazama.

"Hakuna," alisema.

Simtetei. Mama yake alikuwa amelala mbele yake, na uhai wa mama yake ulikuwa kwenye ulimi wake. Akaufunga mdomo.

Nesi aliweka dripu. Fundi aliondoka kumchukua Chiriku shuleni. Baba Chiriku alikaa kando ya kitanda. Dakika zilipita, nyingi. Pumzi za bibi zilianza kukoroma, kama mtu anayepumua ndani ya maji. Akapapasa, akaupata mkono wa mwanawe.

"Mwanangu," alisema kwa taabu, "mbuzi wameshafunguliwa?"

Baba Chiriku aliruka, akatoka nje akipiga kelele. "Dada! Sumu ipo! Niliweka mimi, niliwawekea fisi!"

"Sumu gani?"

"Ya nyanya."

"Chombo chake kiko wapi? Inaitwaje?"

"Ilikuwa kwenye chupa ya soda. Haina jina."

Nesi hakupoteza muda kumgombeza. Alikimbia kabatini. Alimdunga bibi sindano, akasubiri, akamdunga nyingine. Alifuta mate, akamlaza ubavu. Mama Chiriku alisimama ukutani, mikono kichwani.

Bibi alifariki kabla jua halijazama.

Nesi alikaa kwenye benchi karibu na Baba Chiriku. Alikuwa amechoka.

"Sindano hizi zinasaidia zikiwahi," alisema. "Ulipoingia nilikuuliza. Tangu hapo mpaka uliposema ukweli, ilipita saa moja na nusu. Sijui kama angepona. Ninachojua ni kwamba saa moja na nusu ilikuwepo."

Nesi alisimama, akaendelea.

"Na siku nyingine, kwa mtu yeyote, msimpe maziwa aliyekula sumu, wala msimtapishe. Anaweza kupaliwa. Mleteni haraka, pamoja na chombo cha sumu chenye jina lake. Na mseme ukweli mlangoni."

Msibani watu walikuja wengi. Na maneno yalikuja nao. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walinong'ona, "Mkwe amemlisha mama mkwe kuku mgonjwa." Mwingine akaongeza, "Labda alikuwa amemchoka." Mama Chiriku alisikia yote. Alichota maji, akapika, akagawa chakula. Kila aliyempokea sahani hakumtazama usoni.

Chiriku aliketi kwenye kigoda cha bibi. Hakusema neno. Watu walimsemesha, akatazama chini.

Kabla ya kwenda makaburini, Baba Chiriku alisimama.

"Nisikilizeni," alisema. "Mke wangu hana kosa. Sumu niliweka mimi. Niliumwagia mzoga nikitaka kuua fisi. Kuku wakala, mke wangu akapika bila kujua. Zahanati niliulizwa mara mbili, nikasema hakuna. Mama amekufa kwa sumu yangu na kwa uongo wangu." Akamgeukia fundi. "Na mbwa wako, jirani, nilimfukia mimi. Nilikudanganya."

Mfereji wa kuoshea vyombo ulikuwa umeachwa wazi na maji yakawa yanamwagika bure. Fundi aliinama, akaufunga. Kisha akaenda kushika jeneza upande wa mbele, karibu na Baba Chiriku.

Siku ya nne alikuja afisa mifugo, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Nesi alikuwa amempa taarifa. Kwanza alitaka kuonyeshwa mzoga, maana sumu bado ilikuwepo pale. Alivaa glovu. Yeye na Baba Chiriku walichimba shimo refu, mbali na kisima. Walifukia mabaki yote pamoja na udongo wa juu. Walifukua hata shimo la haraka la nyuma ya shamba, wakawafukia upya wale mbwa na tai. Chupa ya soda aliichukua yeye, na kuku waliobaki akakataza wasiliwe wala mayai yao.

Kisha akaenda kwenye zizi, akachuchumaa nyuma.

"Fisi aliingilia hapa?"

"Hapo."

"Na hayo matawi ulirundika hivi, miiba ndani, mashina nje?"

"Ndiyo."

"Umemwekea fisi mpini. Anauma shina, anavuta, amefungua." Akageuza tawi moja. "Mashina yakae ndani, miiba itazame nje. Hapo hana pa kushika."

Aliendelea kuzunguka. "Ukuta ufike kifuani kwako. Chini panga mawe, maana fisi anachimba. Mlango uwe wa mbao, usiwe tawi la kusogeza. Na hii mifupa nani anaitupa hapa?"

"Sisi," alisema Mama Chiriku. "Tukichinja, utumbo tunatupa kule nyuma."

"Basi mnamwalika, halafu mnalalamika amekuja. Fukieni. Fisi akizidi, mpelekeeni habari afisa wa wanyamapori. Sumu, hapana. Sheria inakataza, na nyie mmeona kwa nini. Tai walikuwa wanawasafishia mizoga bure."

"Na kuku akilegea?" aliuliza Mama Chiriku. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Afisa alimshika bega. "Dada, kisu hakiondoi sumu. Wala ugonjwa. Kuku akilegea na hujui sababu, haliwi. Mniite mimi. Lakini hukuwa unajua. Hukuambiwa."

Mama Chiriku alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Walijenga zizi wiki nzima. Fundi wa pikipiki alileta bawaba za mlango. Mama Chiriku alibeba mawe na mume wake alikata miiba. Walifanya kazi bila kuzungumza sana. Mambo mengine hayasameheki kwa wiki moja. Siku ya tisa Chiriku alimwambia baba yake, "Tawi hilo umeligeuza vibaya." Lilikuwa neno lake la kwanza. Baba yake aliligeuza tawi.

Fisi alirudi. Mara tatu walikuta nyayo zake asubuhi. Zilizunguka zizi, zikasimama mlangoni, zikaondoka. Hakuna mbuzi aliyepotea tangu siku hiyo, na wawili wamezaa. Sasa Chiriku ndiye anayewahesabu. Anahesabu kwa sauti, na majirani wote wanajua idadi.

Mwezi uliopita mtu mmoja alikuja kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa na hasira, macho mekundu.

"Fisi amekula ndama wangu," alimwambia Baba Chiriku. "Nasikia wewe una dawa ya fisi."

"Nilikuwa nayo."

"Ilifanya kazi?"

"Fisi hakufa hata mmoja," alisema Baba Chiriku. "Nilimuua mama yangu."

Yule mtu alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Baba Chiriku alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na mapanga mawili, akampa moja.

"Usinipe pole," alisema. "Nionyeshe zizi lako."