Kiwiko cha Profesa

Skrubu ya tatu iligoma.

Mchwa aliibana bisibisi kwa viganja vyote viwili, akasukuma kwa bega. Kiyoyozi kikatoa mlio wa kulalamika. Alikuwa juu ya ngazi, ndani ya ovaroli la bluu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Chini yake, katika chumba cha ghorofa ya nne cha Ofisi ya Takwimu, waandishi na wachambuzi waliingia mmoja mmoja, kila mtu akiacha simu yake kwenye sanduku la mbao mlangoni.

"Simu zote, ndugu zangu," mlinzi alisema. "Hata ile ambayo mkeo haijui."

Wakacheka. Simu mbili zaidi zikatokea.

"Mchwa." Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo sikioni mwake. Ilikuwa ya Mjomba, ambaye hakuwa mjomba wake bali mkuu wake wa kazi. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa Benki Kuu, mbele ya skrini inayoonyesha bei ya dola. "Mgeni wetu kafika?"

"Bado."

"Akifika, kohoa."

Mara moja kila mwezi, saa nne kamili asubuhi, ofisi hii hutangaza namba moja: bei za vitu zimepanda kwa asilimia ngapi. Waandishi hupewa namba hiyo nusu saa kabla, mlango ukiwa umefungwa, ili waandike habari zao bila kukosea. Namba ndogo, lakini ina meno. Wenye fedha huisubiri kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Ikitoka kubwa kuliko walivyotarajia, wanaitupa sarafu ya nchi na kukimbilia dola, na sarafu inaporomoka. Ikitoka ndogo, wanashusha pumzi, na sarafu inanyanyuka.

Soko haliogopi namba. Linaogopa kushtukizwa.

Mara mbili mfululizo sarafu ilianza kuporomoka kabla ya saa nne. Namba ilikuwa bado imefungiwa chumbani, na tayari kulikuwa na watu wanauza fedha ya nchi kwa mafungu makubwa. Wengine wakaona, wakataharuki, wakauza pia. Kisha wale wa kwanza wakainunua tena kwa bei ya kutupa, na tofauti ikaingia mifukoni mwao. Kwenye televisheni wachambuzi wakaita jambo hilo hisia za soko.

Mchwa aliliita wizi.

Alikuwa na sababu yake. Mama yake alijidunga insulini kila siku, na insulini hununuliwa nje, kwa dola. Dada yake mkubwa alikuwa na duka la dawa. Sarafu ilipoporomoka mara ya mwisho, msambazaji alipandisha bei siku hiyohiyo, na Mama akaanza kujipunguzia dozi kimyakimya, akidhani wanawe hawaoni. Leo saa sita mchana msambazaji angetoa bei mpya.

"Ikipanda tena sitaweza kuagiza," dada yake alikuwa amemwambia. "Na Mama utamweleza wewe. Mimi sina huo mdomo."

Skrubu ya tatu ikalegea. Ikaja.

Mlangoni akasimama mwanamume mwenye suti ya kijivu na saa ya Rolex aliyoivaa nje ya mkono wa shati, isije ikakosa kuonekana.

Profesa.

Hakuwahi kufundisha popote, hata chekechea. Jina alipewa na televisheni, naye akalipokea kama urithi. Kila mwezi alikaa kwenye kiti kilekile cha mbele na kueleza wananchi kwa nini wanastahili kuwa maskini.

"Hiki sikitoi," alimwambia mlinzi, akigusa kifaa cha kusikilizia kilichokaa nyuma ya sikio lake la kushoto. "Maagizo ya daktari."

"Pole, mzee. Pita."

Juzi, kwenye ukumbi wa hoteli, Mchwa alimwona mzee huyu kiziwi akigeuka ghafla kwa sababu mhudumu, meza tatu nyuma yake, alinong'ona kwamba mteja yule wa suti ya kijivu haachi bakshishi.

Mchwa akakohoa.

"Nimesikia," alisema Mjomba. "Mita yako iko tayari?"

Mita ya umeme ya Fluke ilikuwa imelala juu ya kiyoyozi, ya njano, yenye makovu ya kazi. Ndani yake hamkuwa na kazi ya umeme hata kidogo. Ilinasa mawimbi ya redio na kuyarekodi, na ikibonyezwa kitufe cha pembeni, iliyaziba. Ndani ya sanduku la vifaa, chini ya matambara, kulikuwa na bastola ya Beretta. Mchwa aliitazama, akamtazama Profesa, akafunga sanduku. Risasi ni kitu cha gharama.

Mlango ukafungwa. Mkuu wa Takwimu, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, akapita akigawa karatasi. Kila kiti karatasi moja, uso chini.

"Geuzeni."

Karatasi zikageuzwa. Na hapo Profesa akafanya kile ambacho Mchwa alikuwa akikisubiri.

Akaweka kiwiko.

Aliuzungusha mkono wake wote wa kushoto juu ya karatasi, akaifunika kama mtoto wa shule anayelinda mtihani wa hesabu. Karatasi zote chumbani zilitakiwa kuwa na namba ileile. Hakukuwa na cha kuibiwa. Lakini Mchwa alikuwa ametazama picha za kamera za chumba hiki, mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi kiwiko kilikuwa pale.

"Na akichungulia ya jirani?" Mjomba alikuwa ameuliza walipopanga mtego.

"Hachungulii, Mjomba. Huyu anaamini wenzake ndio wanaochungulia yake."

Soko lilitarajia sita nukta nane. Karatasi zote chumbani ziliandikwa sita nukta moja, namba ya kweli, habari njema. Karatasi moja tu, ya kiti cha mbele, iliandikwa saba nukta tisa.

Profesa akatoa kalamu yake ya Montblanc. Akaigonga mezani, taratibu, kama mtu anayewaza mambo mazito.

Mshale wa mita ukaruka. Kila alipogonga, uliruka: kifaa cha sikioni kilikuwa kinapeleka mlio nje.

Mara saba. Kisha kimya.

Mchwa akashika pumzi. Nukta ndiyo hiyo. Bado tisa.

Pembeni ya Profesa alikaa mtangazaji wa redio, mwanamke wa sauti nene aliyezoea kusoma kwa sauti kila alichoandika, hata orodha ya sokoni. Alikuwa anaandika. Midomo ikaanza kucheza.

"Bei zimepanda kwa asilimia sita nuk..."

Mchwa akaachia mfuniko wa kiyoyozi.

Ulishuka wote, bati na plastiki na vumbi la miaka, ukapiga sakafu kwa kishindo kilichowainua watu vitini. Maji machafu yakafuata. Mtangazaji akapiga yowe.

"We fundi!" Profesa aliwaka. "Unatengeneza au unabomoa?"

"Samahani, mzee. Imeteleza."

"Imeteleza! Ndiyo maana nchi haiendelei. Mtu amepewa bisibisi, hajapewa akili." Akajipangusa tone moja kwenye mkono wa suti. "Unajua suti hii ni bei gani?"

"Sijui, mzee."

"Hutajua mpaka unakufa."

Wawili watatu wakacheka kwa adabu. Mchwa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Kiwiko kikarudi mahali pake.

Kalamu ikagonga tena. Mchwa alihesabu pamoja nayo, midomo imefungwa.

Tisa.

Muda mfupi baadaye Mjomba akazungumza, na safari hii sauti ilikuwa imebana. "Wameanza kuuza."

"Kutoka wapi?" Mchwa alinong'ona, kichwa kimezama ndani ya kiyoyozi.

"Hotelini. Ghorofa ya saba, kama ulivyosema. Wamekopa fedha yetu kwa magunia na wanaimwaga sokoni. Kijana wetu Kobe yuko mlangoni kwao na polisi."

"Asiingie."

"Mchwa, sarafu inashuka. Wakubwa hapa wananitolea macho. Niwakamate sasa hivi."

"Kwa kosa gani? Kuuza si kosa, Mjomba. Ila hakuna mtu mwingine duniani mwenye sababu ya kuuza hivyo asubuhi hii, isipokuwa aliyeambiwa saba nukta tisa. Waache waingie mpaka shingoni."

"Na tukikosea?"

Simu ambayo Mchwa hakuiacha mlangoni ikatetemeka ndani ya ovaroli. Hakuhitaji kuitazama. Duka la dawa lilikuwa na redio, na dada yake alikuwa na masikio.

"Tukikosea," alisema polepole, "mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza mama yangu."

"Basi tunangoja," alisema Mjomba.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa. Mkuu wa Takwimu akavaa miwani, akasimama mbele ya kipaza sauti.

"Mfumuko wa bei kwa mwezi uliopita ni asilimia sita nukta moja."

Profesa akatabasamu. Kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, macho yakiwa yameshaondoka. Kiwiko kikanyanyuka. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukanyaga chumba kile, akatazama karatasi ya jirani.

"Mama, hapa umeandika nini?"

"Sita nukta moja," mtangazaji alijibu. "Kwani yako inasemaje?"

Profesa alikuwa tayari ameshika mlango.

Mchwa akabonyeza kitufe cha pembeni ya mita, akaichomeka mfukoni, akashuka kwa kuteleza kwenye ngazi bila kukanyaga kipandio hata kimoja.

Korido. Ngazi za jengo. Viatu vya ngozi vikipiga makelele ghorofa moja chini yake.

"Nunueni!" Profesa alikuwa anapigia kelele sikio lake mwenyewe. "Nunueni! Mnanisikia? Ni sita! Sita!"

Hakuna aliyemsikia, isipokuwa mfagiaji wa ghorofa ya tatu, ambaye alihama upande.

Hakwenda mbali. Kwenye ghorofa ya pili pumzi ilimwishia, akashika ukuta, akateremka nao mpaka akakaa chini. Mchwa hakuwa hata na jasho. Akainama, akamvua kile kifaa nyuma ya sikio, taratibu, kama mtu anayeokota kunguni.

"Wewe... fundi..." Profesa alihema. "Unajua mimi ni nani?"

"Ningekuwa sijui, nisingekuwa hapa."

"Sikiliza, binti. Tuongee kama watu wazima. Mshahara wako wa mwaka mzima mimi nauacha mezani nikinywa chai."

"Huachi, mzee. Wahudumu wanakulalamikia."

Hasira ikampanda Profesa kutoka mahali asipotarajia mtu. "Karatasi yangu ilikuwa na makosa! Nimepewa taarifa za uongo! Nitaishtaki hii ofisi!"

Mchwa alikuwa amewahi kukutana na majangili, wauza silaha, mpaka mtu mmoja aliyeuza ramani za mabwawa ya maji. Hakuwahi kukutana na mwizi anayedai risiti.

"Ungechungulia tu ya jirani," alimwambia. "Watoto wa darasa la pili wanaweza."

Polisi wawili wakapanda ngazi, wakambeba kwa makwapa. Saa ya Rolex ikagonga chuma cha ngazi. Profesa akaitazama saa kwanza, mkono baadaye.

"Mjomba?"

"Iko juu!" Mjomba alikuwa karibu kuimba. "Namba imewashtua upande mwingine. Kila mtu anaitaka fedha yetu, na wale jamaa wa hotelini wanadaiwa hiyohiyo waliyoimwaga. Wananunua kwa bei yoyote, Mchwa. Mmoja kavua koti, mmoja analia. Kobe kaingia, kawakuta wanatupiana lawama hata hawakusikia mlango."

"Raia wa kigeni?"

"Wawili. Na mmoja wa kwetu, aliyekuwa akiwatafutia mikopo. Huyo analia zaidi."

Mchwa alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi. Dada yake alipokea kabla haijaita vizuri.

"Redio inasema sarafu imepanda. Imepanda kweli, au ni yale maneno yao?"

"Kweli. Msambazaji je?"

"Kapiga yeye mwenyewe, bila kungoja saa sita. Bei ileile. Nimeagiza ya miezi mitatu kabla hajabadili mawazo." Dada akavuta pumzi. "Uko wapi wewe? Mbona kunasikika watu wanaburuzwa?"

"Kazini. Mwambie Mama leo ajidunge dozi nzima. Na usimame hapohapo umtazame."

Akarudi ghorofa ya nne kuchukua sanduku lake. Chumba kilikuwa kitupu. Mkuu wa Takwimu alisimama katikati ya dimbwi, akiutazama mfuniko uliopinda, nyaya zinazoning'inia, na maji yanayodondoka juu ya kiti cha mbele.

"Kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Nchi inakushukuru. Sasa niambie, hiki kiyoyozi changu?"

Mchwa akakitazama kwa makini, kama fundi.

"Kilikuwa kibovu hiki, mama?"

"Kilikuwa kizima kabisa."

Mchwa akaokota skrubu tatu sakafuni, akazipanga dirishani mahali ambapo hazitapotea, kisha akainua sanduku lake na kushusha kofia.

"Nitakuja kesho na mfuniko mwingine," alisema, akaondoka akipiga mluzi.