Walioitwa Kutoka Kwenye Jiwe

Cheka, meno ni yako. Ukimaliza kucheka kalale wewe nyumbani kwa Makareta, halafu uje tuongee.

Kisa kilianza na harufu. Mchana kweupe, sebule ikanuka lami na sufu iliyolowa. Kisha Makareta akaona alama za mabuti sakafuni, zimejaa mchanga, zikitoka mlangoni hadi kwenye kitanda cha kitukuu wake. Akamkazia macho mjukuu wake, Parehuia, mama wa mtoto.

"Unamwingiza nani humu?"

"Simwingizi mtu, Bibi."

"Simwingizi mtu ndiye mwenye mguu mkubwa hivi?"

Akapiga deki mwenyewe, kwa hasira. Alipogeuka alama zilikuwa zimerudi, tena za wengi, wakubwa kwa wadogo, zimekizunguka kile kitanda kama watu wanaotazama mtoto wa jirani, na mtoto akakohoa, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa maziwa, yalikuwa maji ya bahari.

"Parehuia! Jumapili ulikuwa wapi?"

"Ufukweni," akanong'ona. "Kwenye lile jiwe lenye majina ya walowezi wa zamani, waliokuja kwa meli. Nilikuwa najifunza kuita wageni. Pale hakuna wa kunicheka."

Makareta akashika meza. Kwao mgeni hakanyagi uwanja wa ukoo mpaka mwanamke wa ukoo amwite kwa ile sauti ndefu ya kukaribisha. Wale wa kwenye jiwe walishuka melini na kujiingilia, hakuna aliyewaita.

"Uliita umeelekea wapi?"

"Baharini. Lakini nilikuwa najaribu tu, Bibi!"

"Wao watajuaje kama unajaribu? Wamengoja miaka yote hiyo!"

Akautazama mkate mezani. Mgeni akishakula ni mwenyeji, hatoki tena. Ulikuwa mzima bado. Ila kitambaa kilichoufunika kilikuwa kinafunuliwa, polepole, kwa adabu, na hapakuwa na mkono.

Akaunyakua, akaubana kwapani.

"Nawarudisha kwenye jiwe lao. Nikija kubisha hodi, chungulia dirishani kwanza. Miguu yangu ikiwa imelowa, si mimi huyo, usifungue."

"Hata ukiniita jina?"

"Hata nikilia."

Akasimama kizingitini, akawaita kwa ile sauti ndefu wamfuate nje. Mbao za sakafu zikalia moja moja kuelekea mlangoni, ubaridi ukampita Parehuia magotini, mabegani, usoni, hata akadhani hawatakwisha. Kisha mtoto akavuta pumzi, akaangua kilio.

Makareta hakugeuka. Akatoka, akaufunga mlango.