Kisu cha Kujaribu

Mimi nilikuwa mchinjaji. Babu alitoka Kilwa akaja kuwachinjia watu wa Tukuyu, baba akamrithi, nami nikamrithi baba. Kwa hiyo mtu asinifundishe visu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu vya nje, na kila wiki kuna mjinga ananiletea kisu kinachong'aa ambacho hakikati hata ndizi mbivu. Nawafukuza.

Jioni ile binti yangu Mwantum, miaka sita, alikuwa anaungua homa. Ndiye pekee aliyetubakizia Mungu. Mke wangu, Siham, akaniambia nimbebe hospitali, hapo hapo Makandana, kabla giza halijaingia. Nikasema sawa, navaa viatu.

Nipo kizingitini nafunga kamba, namwona Mzee Andongwisye wa kijiji cha Suma. Mara nyingi alikuwa akiniita kuchinja ng'ombe wa msiba, ili na Waislamu wapate kula.

"Ugonile, shehe," alinisalimu kikwao, akinong'ona. "Tuna kilio. Ng'ombe yupo tayali."

"Mtoto anaumwa, mzee. Mtafute Ahmadi, naye huchinja."

Hakubisha. Alitoa kisu cha kukunja, akakiweka chini mbele yangu.

"Jalibu kwanza. Ukikipenda, chako."

Nasema kweli, nilikipenda kabla sijakishika. Mpini wa pembe nyeusi, unajaza kiganja. Nikakifungua kwa dole gumba... tak. Nikaugonga mgongo wa bapa pajani, hakikujikunja. Nikakitikisa, bawaba haichezi. Nikanyoa vinyweleo vya mkono bila maji wala sabuni. Kisu cha kutembea nacho kila siku, kinalala mfukoni kama ufunguo. Nilikuwa nakitafuta miaka ishirini.

Kasoro moja tu. Kisu cha kukunja hakioshiki vizuri, damu hujificha kwenye bawaba. Nikanusa hapo. Damu ilikuwepo, lakini si ya mbuzi wala ya ng'ombe, na hizo nazijua. Pua ilinionya. Tamaa ikaninyamazisha.

"Ng'ombe mmoja tu," nikaita ndani. "Narudi sasa hivi."

Sikungoja jibu.

Kufika Suma kwa miguu si mchezo. Sisi tulipita migomba michache tu, tukafika. Wala sikujiuliza.

Msiba gani hauna ngoma wala anayelia? Watu watano walikuwa wamechuchumaa chini ya migomba, kimya, wananitazama mikono. Mzee akaungana nao, wakawa sita. Ng'ombe alikuwa amelazwa, kafungwa miguu, kichwa kimefunikwa khanga. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Nilipomwekea goti, joto lake likapita kwenye suruali yangu.

"Mgeuzeni aelekee kibla," nikasema.

"Bado," mzee akanong'ona. "Usitaje jina bado. Kujalibu si kuchinja. Ngozi tu, uone kinavyokula."

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona ana hoja. Bismillahi ni ya kuchinja. Kujaribu ni kujaribu tu. Tangu nianze kazi sijawahi kutia makali kwenye shingo ya mnyama bila jina la Mungu... siku ile nilitia.

Nikavuta.

Ngozi ilikuwa laini. Laini mno.

"Baba..."

Sauti ilitoka chini ya khanga.

Nikaitazama ile khanga. Ya zambarau, pembeni imeungua na pasi. Ya Siham.

"Maliza," wakanong'ona wote sita.

Nikalitaja jina la Mungu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mikono ikanidaka, shingoni, kwenye nywele, kwenye viwiko. Mzee akaukamata mkono wangu wa kisu akausukuma chini. Nikamng'ata. Nikaupindua mkono, nikamchoma begani, kisu kikazama mpaka mpini na damu ikanirukia mdomoni. Nikakichomoa, mwingine akanikaba. Tukabiringika kwenye majani. Ndipo springi ikaachia, bapa likajifunga juu ya vidole vyangu viwili, nikasikia mfupa ukikatika.

Giza.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, nyumbani kwangu. Siham amesimama juu yangu na mchi wa kinu. Paji langu limepasuka. Vidole viwili viko kwenye mkeka. Kitandani Mwantum alikuwa na mstari mwekundu shingoni, damu inaingia kwenye khanga.

"Naseeb, hukutoka humu," Siham alisema. "Nimekuona mimi. Umeingia kutoka kizingitini na kisu, ukamwekea mtoto goti."

Mwantum alipona. Siham aliwadanganya hospitali kwamba kaangukia chupa. Kisu hatukukiona tena. Wiki ile ile tukasikia Mzee Andongwisye kafa. Ndugu zake walisema ni donda la begani, kaangukia panga shambani. Waliniita nikachinje. Sikwenda.

Niliacha kazi, nikauza chumvi na mafuta ya taa. Mke wangu alikaa miaka kumi na miwili akilala na mtoto, mlango wameukomea kwa ndani. Nilivumilia, maana niliamini nimelogwa, na hakuna aliyeniamini.

Mpaka mwaka alipoolewa Mwantum. Alikuja kuniaga, akakaa karibu yangu, akashika mkono wangu wenye vidole vitatu.

"Baba," alinong'ona, "mama anasema siku ile ulikuwa peke yako. Si kweli. Niliwaona. Walikuwa sita."

Nililia. Nilimshukuru Mungu mbele yake, nikamwambia mwanangu, umenitua mzigo.

Akatikisa kichwa.

"Walikuwa wanakuvuta nyuma, baba. Wote sita. Wewe ndiye uliyekuwa unang'ang'ania."