Zamani Chumvi, Sasa Chuma

Kiti kililia. Mke wa fundi saa alikuwa mwembamba, na kiti kile alikikalia miaka ishirini bila kukisikia kikiguna. Asubuhi ile kililia mpaka mumewe akainua macho.

Mtaani walimwita Bwana Mawe, ila hakuokota mawe ovyo, la hasha. Alitaka yale ambayo madini mageni yameyaingia punje kwa punje, yakala yale ya zamani, umbo likabaki lilelile. Kila jiwe lilikuwa na kadi yake: Zamani, chumvi. Sasa, chuma. Mkewe ndiye aliyeyasugua, huku akimtania, "Wenzangu wanaletewa manukato, mie naletewa kokoto!"

Wiki moja nyuma fundi alileta jiwe kutoka shimo ambalo wachimbaji walilikimbia. Walimwambia lina wenyewe, akacheka. Kujua kama jiwe ni chumvi, wakusanyaji hulilamba. Siku hiyo yeye alikuwa na kidonda ulimini.

"Hebu lionje wewe, mke wangu."

Akalionja. "Si chumvi. Kutu tupu."

Tangu hapo nyumba ilinuka kutu. Sauti ilikuwa ya mkewe, kovu la kidole lake, lakini fundi alipoupima mkono ule kiganjani, kama alivyozoea kupima mawe, ulikuwa wa baridi na mzito, mzito kuliko mkono wa mtu yeyote aliye hai, na mwenye mkono akamtazama bila kupepesa, akitabasamu, akingoja aambiwe kitu.

Mganga alikuja adhuhuri. Alimnusa mke viganja, kisha akamvuta mume ukumbini.

"Ni jini," alinong'ona.

"Mtoe, mzee. Nakusihi."

"Namtoa. Lakini ameshamla mwenzio ndani kwa ndani. Akitoka, utazika ganda."

"Hakubaki hata kidogo?"

"Labda punje. Sijui, mwanangu."

Nani angelielewa hilo kuliko yeye? Ole wake, ni yeye aliyempa jiwe kwa mkono wake. Alilia kwa kwikwi. "Basi mwache."

Mganga alipoondoka, fundi alichukua kadi tupu. Zamani, mke wangu, aliandika. Kalamu ikakwama.

Sakafu iliguna nyuma yake. Mkono mzito ukatua begani.

"Wenzangu wanaletewa manukato, mie naletewa kokoto."

Aligeuka upesi, akiitafuta ile punje usoni pake.

"Sema tena, mke wangu."

Akasema tena. Kisha tena, bila kuombwa, vilevile, neno kwa neno, mpaka jua likazama, na fundi hakuthubutu kumnyamazisha.